Ua la kutundika halitaki udongo mweusi, lataka hewa

Karibu kila mji mkubwa wa Kenya una Majengo yake. Iwe ni Majengo ya Meru au Majengo ya Embu, ukipita vichochoroni asubuhi huwezi kukosa kuyaona makopo yaliyofungwa waya na kutundikwa kwenye boriti za baraza. Hili lilikuwa la mafuta ya kupikia, lile lilikuwa la rangi, na ndani yake mna majani yenye mistari meupe, au mashina ya zambarau yanayoteremka hadi kumgusa mtu kichwani. Nyumba ni za kupanga, uwanja ni wa watu wote, na ardhi ya kupanda hata fungu la mchicha haipo. Nafasi iliyobaki ni ya hewani, na akina mama wameitumia.

Wapo pia walioifanya kazi hii kuwa kitega uchumi. Mmea mmoja ulionawiri waweza kukatwa vipande ishirini, na kila kipande kikishika mizizi ni kopo jingine la kuuza kando ya barabara. Hesabu hiyo ni tamu ikiwa karatasini. Koponi, mambo huwa mengine. Vipande ishirini vinachomekwa Jumamosi. Kufikia Jumamosi ya pili kumi na vitano vimekuwa vyeusi chini, vinateleza vikishikwa na kunuka kama maji ya mtaro. Majirani husema, "Huyo hana mkono wa maua." Naye aliyeambiwa hivyo huamini, akaacha.

Leo ningependa tuuache mkono kando, tuutazame udongo. Kwa hakika, vipandikizi vingi, yaani vile vipande vya shina au jani tunavyovichomeka ili vitoe mizizi, huuawa na kile tulichovichomeka ndani yake. Na kosa lenyewe hutokana na nia njema: tunachagua udongo kwa rangi. Tukiuona mweusi tunasema una nguvu. Tunauongezea samadi, pengine na kijiko cha mbolea ya dukani, tukidhani tunamkaribisha mgeni kwa chakula kizuri. Mgeni mwenyewe hana mdomo.

KIPANDIKIZI HAKILI

Hebu fikiri. Mmea hula kwa mizizi, na kipandikizi ndio kwanza kimetenganishwa na mizizi yake. Kinaishi kwa akiba iliyomo shinani na kwa kile kinachotengenezwa na majani machache kiliyoachiwa. Mbolea uliyotia haikisaidii kwa lolote. Chumvi zake ndizo zinazokivuta maji na kukiunguza penye jeraha. Kinachohitajika mahali pale kilipokatwa ni vitu vitatu tu: unyevu, hewa na usafi.

Unyevu kila mtu anaujua. Hewa ndiyo inayosahauliwa. Zile chembe zinazojigawa ili kuunda mzizi mpya hupumua kwa bidii, na bila oksijeni hazifanyi kazi. Nafasi ndogo ndogo kati ya punje za udongo zikijaa maji, oksijeni hupenya kwa taabu kubwa, kwa kuwa mwendo wake ndani ya maji ni wa polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani. Hapo shina hukosa pumzi, na kuvu za maji zinazopenda mahali pa namna hiyo huingia kupitia lile jeraha. Kuoza huanzia chini na kupanda juu. Mwenye kopo akiona majani yamelegea hudhani mmea una kiu, akaongeza maji.

Sasa tuutazame udongo wetu mwekundu wa Meru na Embu. Ni udongo uliotokana na mawe ya volkano ya Mlima Kenya, una kina kirefu, na shambani hauna makosa. Kahawa, chai na migomba ya mteremko huu ni mashahidi. Mbona basi ukiingia koponi unageuka kuwa kinamo?

Sababu ni kina. Shambani, chini ya mzizi kuna mita nyingi za udongo, na maji yanapoingia juu huvutwa kwenda chini, yakaacha nafasi nyuma yake zijazwe hewa. Kopo lina kitako. Maji yakifika hapo husimama, kwa sababu punje za udongo huyashika na hapana udongo mwingine chini wa kuyavuta. Hata ukitoboa matundu kumi, tabaka la chini hubaki limeloa chepechepe. Kopo likiwa fupi, tabaka hilo laweza kuwa nusu ya kina chote, nasi tunachomeka kipandikizi mumo humo.

Enyi wanafunzi, jambo hili mnaweza kulihakikisha kwa sponji ya kuoshea vyombo. Ilowesheni hadi ijae, kisha muishike kwa kuilaza kiganjani mpaka iache kudondoka. Bila kuiminya, isimamisheni wima. Maji zaidi yatatoka. Sponji ni ile ile na matundu yake ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo. Ndiyo maana kopo refu hukausha sehemu yake ya juu vizuri kuliko sinia pana lililojazwa udongo ule ule.

Hapa sharti nitaje desturi moja iliyoenea: kutia kokoto au vigae chini ya kopo "ili maji yapite". Bibi zetu walifanya hivyo, vitabu vingi viliandika hivyo, lakini maji hayafuati. Maji yaliyoshikwa na udongo laini hayarukii katika kokoto mpaka udongo ule ujae kabisa. Kwa hiyo tabaka la matope halipungui. Linapandishwa tu na kukaa juu ya kokoto, karibu zaidi na shina. Kigae kimoja cha kuzuia udongo usitoke tunduni hakidhuru. Zaidi ya hapo ni kuongeza uzito.

Na uzito si jambo la kupuuza kwa kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa udongo wa shamba na kumwagiwa maji hufikia kilo 7 hivi. Likijazwa mchanganyiko mwepesi kama nitakaoueleza, uzito waweza kushuka hadi nusu ya huo. Msumari uliopigwa katika mbao kuukuu ya nyumba ya kupanga hujua tofauti.

VILIVYO KARIBU NAWE

Habari njema ni kwamba vitu vinavyofaa si vya anasa, na vingine ni taka za watu.

Tuanze na mchanga. Ule unaoletwa kwa malori kutoka upande wa Tharaka na Mbeere kwa ajili ya ujenzi ni mzuri, ila chagua wa punje kubwa, sio ule laini wa kupiga plasta. Punje laini hujipanga zikabanana, zikafanana na saruji. Chukua gao moja, utie katika chupa ya maji, utikise. Maji yakichafuka kama chai ya maziwa, mchanga una matope. Uoshe katika karai mpaka maji yawe safi. Ndugu zetu wa pwani wasidanganyike kuchota ufuoni, maana mchanga wa bahari una chumvi na vipande vya makombe. Kasoro ya mchanga ni uzito. Kwa kutundika, mchanga uwe sehemu tu ya mchanganyiko, wala usiwe ndio mchanganyiko wenyewe.

Makapi ya mpunga nayasifu kuliko vyote, hasa kwa wakazi wa Embu, maana Mwea iko jirani na vinu vya Wang'uru hukoboa pishori mwaka mzima. Makapi ni mepesi, hayaozi upesi, na umbo lake la mtumbwi huacha nafasi za hewa kati ya kapi na kapi. Lakini makapi mabichi yana mawili ya kuudhi. Ndani yake hubaki chenga na punje nzima za mpunga. Hizo huota, huchacha, na kuwaita panya barazani. Yamwagie maji yanayochemka, uyaache usiku kucha, kisha uyachuje. Ni rahisi hivyo.

Njia bora zaidi ni kuyachoma yawe meusi bila kuyafikisha kwenye majivu. Huwashwa moto mdogo ndani ya kopo kubwa lililotobolewa matundu pande zote na kutiwa bomba la kutolea moshi, kisha makapi hulundikwa kulizunguka. Joto hupenya taratibu, lundo likawa jeusi kuanzia ndani. Mtu hulipindua kwa koleo, na mara tu linapokuwa jeusi lote hulimwagia maji. Ukichelewa likawa jeupe, umepata majivu, na majivu yana ukali wa magadi usiopendwa na mizizi michanga. Makapi yaliyochomwa vyema hutoka yakiwa safi, kwani moto umeua kuvu na mbegu za magugu, na yanashika maji zaidi kuliko mabichi huku yakiacha nafasi za hewa, mizani inayotufaa. Wakulima wa mpunga wa Asia wamefanya hivi kwa miaka mingi katika vitalu vyao. Moshi wake ni mwingi, kwa hiyo usifanyie kazi hii katika uwanja wa nyumba za kupanga siku ambayo jirani ameanika nguo.

Makumbi ya nazi ndiyo yanayotajwa sana siku hizi. Kwetu pwani si kitu kigeni. Tangu zamani, Unguja, Lamu na kwingineko, makumbi hufukiwa katika matope ya ufuoni kwa miezi, kisha wanawake huyafukua na kuyaponda ili kupata usumba wa kusokotea kamba. Ule unga wa kahawia unaobaki baada ya kupata usumba ulikuwa hauna thamani. Leo husafishwa, hukaushwa na kushindiliwa kuwa matofali yanayouzwa katika maduka ya pembejeo. Tofali la kilo 5 likitiwa maji hufura likatoa zaidi ya lita 60. Unga huu hushika maji mengi na bado ukabaki na hewa. Nao ndio uliochukua nafasi ya piti, ule udongo wa vinamasi vya Ulaya ambao wakulima wakubwa huuagiza kutoka nje. Vinamasi hivyo vilichukua maelfu ya miaka kujengeka na vimehifadhi kaboni nyingi mno, kwa hiyo kuvichimba ili tuoteshee ua la barazani ni gharama isiyo na maana kwa nchi yenye minazi.

Tahadhari yake ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni hubeba chumvi ya bahari, na hata yasiyofukiwa huwa na chumvi zake. Yaloweshe katika maji baridi ya mfereji, uyaminye, umwage. Rudia mara tatu. Ukiona ncha za majani zinageuka kahawia wakati shina lenyewe ni zima, shuku chumvi kwanza.

Chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia la muuzaji, zafaa pia. Zichunge, utupe vumbi laini, ubakie na vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi au chini ya hapo. Waliokaribu na Naivasha na Longonot wana jiwe jepesi la volkano linaloelea majini. Hilo likipondwa halina mpinzani. Ifahamike kwamba mashamba mengi yanayopeleka waridi Ulaya huotesha maua yake katika jiwe hilo au katika unga wa makumbi, bila udongo wa kawaida kabisa. Wenye mtaji wangeweza kununua udongo mweusi wowote wautakao, hawakuutaka.

Unga wa mbao kutoka kwa mafundi nauogopa kidogo. Ukiwa mbichi, vijidudu vinavyouozesha hula naitrojeni yote iliyomo, mmea ukabaki wa manjano. Isitoshe, nguzo na mbao nyingi hutiwa dawa za kuzuia mchwa zenye shaba, kromiamu na aseniki. Ikiwa hujui mbao ilitoka wapi, uache hapo hapo. Maganda ya kahawa kutoka viwanda vya vijijini nayo ni mbolea nzuri baada ya kuoza miezi kadhaa. Yakiwa mabichi huchemka kama uji, na kipandikizi kitaiva.

Kuna jambo lingine lisilopendeza. Watu wa Meru wamepakana na msitu wa Imenti, wa Embu na ule wa Njukiri, na juu yao wote upo msitu wa Mlima Kenya, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 1997 kuwa urithi wa dunia. Udongo wa msituni huuzwa kwa magunia na unasifiwa kuliko wowote. Pengine hujui kwamba kwa sheria ya misitu ya mwaka 2016, udongo, majani yaliyooza na hata kuvumwani ya kwenye magome huhesabiwa kuwa mazao ya msitu, na kuyatoa katika msitu wa umma bila kibali ni kosa. Nakuambia pia, hata tukiiweka sheria kando, udongo huo hauifai kazi hii. Huja na mayai ya wadudu, kuvu na minyoo midogo ya mizizi, na baada ya kumwagiwa maji kwa mwezi mmoja hushikamana koponi.

KISA CHA JERANIAMU

Nilisema hitaji la tatu ni usafi, na hapa kuna kisa cha kweli kilichoigusa Kenya. Nchi yetu, pamoja na Uganda na Ethiopia, hukuza vipandikizi vya maua visivyo na mizizi na kuvisafirisha kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako huchomekwa na kuuzwa majira ya joto. Jeraniamu, pamoja na ile inayotambaa na kuning'inia, ni miongoni mwa maua hayo. Mapema mwaka 2003, vipandikizi vya jeraniamu vilivyotoka Kenya viligunduliwa katika vitalu vya Marekani vikiwa na bakteria iitwayo Ralstonia solanacearum. Serikali ya huko iliamuru mimea iangamizwe, kwani aina hiyo ya bakteria ilikuwa imeorodheshwa, kutokana na sheria ya mwaka 2002, kuwa tishio kwa kilimo chao. Kabla mwaka huo haujaisha visa vikatokea tena, safari hii kutoka Guatemala.

Marekani haikuwa ikililia ua. Ilikuwa inalilia viazi. Bakteria hiyo ndiyo inayosababisha mnyauko wa viazi, ugonjwa ambao wakulima wetu wanaujua kwa uchungu: mmea mbichi unalala mchana mmoja kama uliomwagiwa maji moto, na kiazi kikikatwa hutoa usaha mweupe. Hukaa udongoni, husafiri kwa maji, kwa jembe na kwa matope ya viatu, na huingia penye jeraha. Kipandikizi chenyewe ni jeraha.

Sasa fikiria mtu wa Majengo anayetoa udongo katika shamba la viazi la jamaa yake, tuseme pande za Kibirichia, akachomeka jeraniamu. Ua likinyauka hulitupa na udongo wake, na huenda likaishia katika shamba jingine la viazi au nyanya. Hasara ya kopo moja imekuwa ya ekari. Kwa hiyo usitumie kamwe udongo uliokuzwa viazi, nyanya, biringanya au pilipili. Na ukimshuku mgonjwa, kata kipande cha shina, ukitumbukize kwa utulivu katika glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama za maziwa zikiteremka kutoka penye mkato, hiyo ndiyo bakteria. Choma mmea huo, uchemshe kisu, na udongo wake usiurudishe popote.

Ikiwa huna budi kutumia udongo kidogo, upike kwa mvuke. Weka mawe chini ya sufuria kuukuu, maji kiasi, na juu yake udongo mkavukavu ndani ya kitambaa, ufunike. Katikati ya udongo fukia kiazi kidogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umepata joto la kutosha kuua vimelea vingi. Ni kipimo cha zamani cha watunza bustani wa Uingereza wasiokuwa na kipimajoto, na kinafaa jiko la mkaa kama kilivyowafaa wao.

KILA UA NA TABIA YAKE

Mchanganyiko wa kuanzia, unaofaa mengi ya maua yetu ya kutundika, ni kipimo kimoja cha mchanga mkubwa na kipimo kimoja cha makapi meusi ya mpunga au unga wa makumbi uliooshwa. Hakuna mbolea. Tradeskantia ya zambarau, ambayo ni ndugu wa mukengeria wanaopewa sungura, hushika humo kati ya wiki moja na mbili. Huyo hata ukimchomeka vibaya ataota, kwa hiyo asikupe kiburi. Poto, lile lenye majani ya umbo la moyo yenye madoa ya manjano, huchukua wiki mbili hadi nne. Hakikisha kifundo kimoja cha shina kimezama, kwani jani bila kifundo laweza kukaa bichi miezi mingi lisitoe hata chipukizi. Klorofitamu hubeba watoto wake hewani tayari na vidokezo vya mizizi, wewe ni wa kuwatua tu. (Kwa Kiingereza mmea huu una jina moja na mboga yetu ya mgagani. Usije ukaupika.)

Jeraniamu ya kutambaa hutaka mchanga uzidi kidogo, na mkato wake uachwe kivulini saa chache ukauke kabla ya kuchomekwa. Zile zenye majani manene kama shanga zilizotungwa uzini hutaka ukavu zaidi: vipimo vitatu vya mchanga, jiwe la volkano au chenga za mkaa kwa kimoja cha makumbi, na maji ya kunyunyiza tu.

Urujuani wa Afrika ni binti yetu wa Afrika Mashariki, na ndiye anayenifurahisha zaidi. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, aliutuma kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa Hannover akauandika kwa jina la Saintpaulia. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji hawajali. Katika Milima ya Usambara kuna aina yake inayotambaa, na kutokana na hiyo zimezalishwa zile za kutundika. Kenya nayo ina za kwake, katika Milima ya Taita na katika miamba ya chokaa ya Kilifi, na ni chache kiasi kwamba kuzing'oa ni sawa na kuiba.

Tazama unakoishi: katika nyufa za mwamba wenye kivuli, juu ya kuvumwani na vumbi la majani, unyevu wakati wote na udongo haba. Ukitaka kuuotesha, kata jani lenye kikonyo cha sentimita tatu, likae kwa mshazari katika nusu makumbi na nusu makapi meusi, ulifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Mizizi huja baada ya mwezi mmoja hivi. Watoto huchukua miezi miwili au mitatu. Ukiutia katika udongo mwekundu, kikonyo kitayeyuka ndani ya wiki mbili.

Majira nayo yana neno. Mwezi wa Julai na Agosti, ukungu na manyunyu yakiushukia mteremko wa Mlima Kenya, kopo halikauki na mizizi huota kwa uvivu. Punguza makumbi, ongeza makapi au mchanga. Mjini Nairobi ni vivyo hivyo. Aliye Mombasa afanye kinyume, aongeze makumbi, kwani joto na upepo wa huko humaliza maji kabla ya adhuhuri.

PIMA MWENYEWE

Usiniamini mimi tu. Chukua kopo utakalopandia, uzibe matundu kwa nta au utepe, ulijaze mchanganyiko mkavu, kisha utie maji polepole huku ukiandika kiasi, mpaka yafike usawa wa juu. Acha saa moja. Kisha weka bakuli chini na uyazibue matundu. Maji yatakayotoka yamepisha hewa. Kama kopo ni la lita 1 na umepata mililita 200, basi hewa ni asilimia 20, na hapo kipandikizi kitapumua. Ukipata mililita 50, una matope, hata yawe meusi na ya kuvutia namna gani. Mwanafunzi anayetafuta jaribio la maonyesho ya sayansi shuleni aweza kulinganisha udongo wa kwao, mchanga na makapi katika makopo matatu yenye kimo sawa. Kimo kikitofautiana, kama sponji ilivyotuonyesha, hesabu itamdanganya.

Mizizi ikifikia urefu wa pingili ya kidole, chakula ndipo kinapohitajika. Sasa udongo mwekundu una kazi: kipimo kimoja cha huo, uliopikwa, kimoja cha mboji iliyoiva isiyonuka, na viwili vya makapi au makumbi ili kopo libaki jepesi. Hamisha jioni, ukishika jani badala ya shina, kwa maana jani likivunjika litaota jingine. Kaa wiki mbili kabla ya kulitundika juani. Waya ufungwe kwenye boriti, si kwenye ubao wa dari, na siku ya kumwagilia lishushe kopo chini, ulinyweshe, uliache lichuruzike robo saa, ndipo ulirudishe juu.